Amri ya Nane, Darasa la Tatu

Mwalimu Benedeta Asekenye alipewa darasa la tatu kwa sababu walimu wengine walilikwepa. Katika shule ile ya misheni, nje kidogo ya Lumino kwenye barabara iendayo ziwani, mwalimu wa darasa la tatu alibeba kazi mbili kwa mshahara wa moja. Mtoto alitakiwa asome bila kuweka kidole chini ya neno, ajue jedwali la kuzidisha, aandike herufi za kuunganisha, na aweze kuchora ua la mharagwe na kutaja sehemu zake. Juu ya hayo, alitakiwa awe tayari kwa maungamo na Komunyo ya kwanza. Padre alikuja mwenyewe kuwapima kabla ya Pasaka, na mtoto aliyeshindwa, mama yake alikuja kulia mlangoni kwa mwalimu.

Benedeta hakulalamika. Alikuwa Mteso kwa kabila, wa upande wa Tororo, binti wa katekista, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini ambayo watoto walilazimika kunyamaza ili waisikie. Kisamia alijifunza kwa watoto hao hao, wakimcheka, mpaka akafika mahali pa kuwagombeza kwa lugha yao bila kutafuta neno. Mchumba wake alikuwa amekwenda Kenya kutafuta kazi, akapata kazi na mke huko huko. Hilo nalo hakulalamikia. Aliishi katika nyumba ya walimu, akapanda sukuma wiki nyuma ya choo, na kila Januari akapokea sura mpya za watoto wenye umri ule ule.

Miaka ile ya utawala wa kijeshi vitu vilikuwa vikipotea kimoja kimoja. Sukari ilianza, ikafuata sabuni, halafu chumvi, halafu chaki. Watoto walileta vipande vya muhogo mkavu kutoka nyumbani, Benedeta akaandikia hivyo ubaoni, na panya wakaja usiku kulamba hesabu. Katekisimu za Kisamia zilichakaa zikaisha, na kule zilikochapwa hakukuwa na karatasi. Padre akaomba za Kiswahili kwa mapadre wenzake wa ng'ambo, upande wa Kenya. Kwa hiyo watoto wa darasa la tatu walijifunza amri za Mungu kwa lugha ambayo wazazi wao waliitumia sokoni Busia, na ambayo askari waliitumia kwenye vizuizi.

Alikuwa na desturi zake. Mtoto akiulizwa swali alisimama, akaweka mikono nyuma, akajibu kwa sentensi nzima.

"Usiniambie 'ndiyo' halafu ukakaa, kama mbuzi aliyeguna," alikuwa akisema. "Nipe sentensi. Mwenye kitu, kitu chenyewe, na mahali kilipo."

Na mtoto akijibu vizuri, darasa zima lilimpigia makofi.

Kulikuwa na msichana mmoja aitwaye Specioza, binti wa Egesa, ambaye hakuwa amepigiwa makofi hata mara moja. Si kwamba hakujua. Daftari lake lilikuwa safi kuliko ya wengi. Lakini akisimamishwa midomo ilitetemeka, na machozi yakatangulia maneno. Benedeta alikuwa akimbakiza baada ya kengele, wawili peke yao, amwulize maswali huku amempa mgongo akifuta ubao, ili mtoto asione anatazamwa. Kwa njia hiyo Specioza alijibu. Akajibu amri zote kumi, na sakramenti saba, na jedwali la nane.

"Unaona?" Benedeta alimwambia. "Yote unayo. Kinachobaki ni kuinua mkono tu."

Egesa, baba yake, alikuwa mkulima wa mtama na mihogo, na alikuwa pia mtu wa magendo, kama watu wengi wa barabara ile. Mwaka huo kahawa ilikuwa na bei ya ajabu ng'ambo, na huku serikali iliinunua kwa bei ya maganda. Ilikuja kutoka milimani kwa malori, ikashushwa usiku kwenye nyumba za watu kama Egesa, ikasubiri siku ya kuvuka. Redio ilikuwa imetangaza kwamba anayekamatwa na kahawa mpakani apigwe risasi. Watu walisikiliza tangazo hilo, wakazima redio, wakaendelea kufunika magunia. Benedeta mwenyewe alioga kwa sabuni ya Kenya aliyoinunua kwa mke wa Egesa. Hakuna aliyeona ajabu.

Askari walikuja baada ya mapumziko ya asubuhi, mwanzoni mwa Kwaresima. Landrova ilisimama kwenye mlingoti wa bendera. Mwalimu mkuu, Bwana Oboth, alitoka ofisini akiwa amesahau kuvaa kiatu kimoja. Ofisa akazungumza naye kidogo, kisha akatembea moja kwa moja hadi darasa lililokuwa karibu zaidi na gari. Lilikuwa darasa la tatu.

Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Alivua kofia mlangoni, akaibana kwapani, akauliza kwa Kiswahili cha kambini:

"Mwalimu, hawa nasoma nini leo?"

"Katekisimu, afande."

"Mzuri sana. Mimi pia nasoma misheni, zamani. Endelea tu." Akaketi kwenye dawati la mbele, magoti yakafika kifuani, na watoto waliokuwa wamekaa pale wakajisogeza ukutani.

Benedeta hakuwa na la kufanya ila kuendelea. Akataja namba, watoto wakaimba amri. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Walipofika ya nane, ofisa akainua kidole.

"Hapo. Rudia."

"Amri ya nane: usiseme uongo," watoto wakaimba.

"Tena."

"Amri ya nane: usiseme uongo!"

"Kwa hiyo hapa ndani hakuna mtoto nasema uongo."

"Hakuna, afande!"

Ofisa akatabasamu. Alikuwa na meno mazuri. "Sasa mimi nauliza. Nani, nyumbani kwao, iko gunia ya kahawa?"

Nje, askari mmoja alikuwa akinywa maji kwenye mtungi wa shule kwa kopo la watoto.

"Afande," Benedeta akasema, "hawa ni wadogo, hawajui hata—"

"Mwalimu, mimi sijauliza wewe." Alisema hivyo bila kugeuka, na bila hasira.

Kisha mkono ukainuka. Ulitoka safu ya tatu, mwembamba, umenyooka vizuri mpaka kwenye vidole. Benedeta aliuona, akachelewa. Specioza alikuwa tayari amesimama. Akaweka mikono nyuma.

"Nyumbani kwetu kuna magunia ya kahawa, afande," alisema. Sauti haikutetemeka. "Yako nyuma ya ghala la mtama, na baba ameyafunika kwa nyasi."

"Baba naitwa nani?"

"Baba yangu anaitwa Egesa, afande."

"Mzuri sana. Kaa chini." Ofisa akainuka, akajipangusa vumbi la muhogo lililokuwa limemshika suruali. Mlangoni akamtazama Benedeta kwa mara ya kwanza. "Nafundisha vizuri, mwalimu," akasema, akavaa kofia.

Gari likawashwa. Specioza alikuwa akimtazama mwalimu wake, akisubiri. Mtoto mmoja nyuma, aliyekumbuka desturi, akaanza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Darasa zima lilimpigia Specioza makofi, kwa nguvu, huku Landrova ikigeuza na kushika njia ya kwa Egesa, na Benedeta hakuwazuia. Alisimama na kipande cha muhogo mkononi mpaka makofi yakaisha yenyewe. Halafu akageuka, akaandika hesabu za kuzidisha ubaoni, safu mbili, na kuwaambia watoe madaftari. Alizisahihisha zote kabla ya kengele. Hakukosea hata moja.

Walimchukua Egesa shambani. Majirani walisema alikuwa amekwisha kuwaona, angeweza kukimbilia kwenye mafunjo, lakini mke wake alikuwa ghalani na hakutaka kumwacha na askari. Wakapakia magunia, wakampakia na yeye juu ya magunia, wakaelekea kambini Tororo.

Kesho yake Mama Specioza alikuja shuleni akimshika mtoto mkono. Benedeta aliwaona kwa mbali akatoka nje kuwangoja, kwa kuwa alidhani atapigwa na hakutaka iwe mbele ya darasa. Lakini mwanamke yule alimwambia Specioza aingie akasome, na mtoto akaingia.

"Sijamchapa," Mama Specioza alisema. "Nilichukua fimbo. Nikajiuliza, nikimchapa nitamwambia namchapa kwa nini? Nikairudisha."

Benedeta alitazama mlango wa darasa alikoingia mtoto.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa Tororo. Na Kiswahili unakijua. Mimi chao kinanipita. Nisindikize nikamwulizie mume wangu."

"Tutakwenda, Mama Specioza."

Aliyewapeleka ni Sowedi, mfanyabiashara Mwislamu wa Busia aliyekuwa na lori la kubeba chokaa na saruji. Alikuwa amewahi kubeba kahawa ya Egesa, wala hakuificha habari hiyo. Aliwaketisha mbele, pamoja naye, akaendesha hadi mwamba mkubwa wa Tororo ukaonekana.

"Mama," alimwambia Benedeta, "ukifika pale getini usitaje kahawa. Sema natafuta ndugu. Sema amepotea tu. Ukitaja kahawa, nyinyi pia nabaki ndani."

Getini walisimama pamoja na wanawake wengine, waliokuwa wameketi kwenye nyasi na vikapu vya chakula kilichopoa. Askari wa zamu alikuwa kijana, na alikuwa akila muwa.

"Natafuta nani?"

"Ndugu yetu, afande. Anaitwa Egesa, wa Lumino. Amepotea."

"Kama napotea, hapa si kwa wapotevu." Akatema makapi. "Hakuna mtu kama huyo."

"Afande, hujatazama."

"Mimi najua wote. Hakuna." Akamtazama Mama Specioza, aliyekuwa amebeba viazi vitamu katika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. "Hiyo chakula unaweza kuacha."

Mama Specioza hakuelewa maneno lakini alielewa mkono ulionyooshwa. Akauliza kwa Kisamia, "Anasema chakula kitamfikia?"

Benedeta akafikiri. Jua lilikuwa limewaka sana. "Anasema kitamfikia," akajibu.

Mama Specioza akaacha viazi, akabaki na sufuria. Walirudi mara nyingine, na nyingine tena, mpaka yule kijana hakuwa pale na aliyekuwapo hakujua hata kuuliza jina. Halafu wakaacha kwenda.

Kilichomshangaza Benedeta, kama alibaki na nguvu ya kushangaa, ni kwamba hakuumwa na kitu. Alikula. Alifua. Aliamka alfajiri akafagia uwanja. Alisubiri kulia jinsi mtu anavyosubiri mvua aliyokwisha kuisikia ikinguruma, nayo haikuja. Watoto wakicheka alijua kwamba wanacheka, kama mtu anavyojua kwamba nyumba ya jirani ina moto kwa sababu anaona moshi. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya, isipokuwa ganzi hiyo haikuwa mguuni.

Alikwenda kwa padre, mzee wa kizungu aliyekuwa amekaa Usamia kabla Benedeta hajazaliwa.

"Mtoto hana dhambi," padre alimwambia. "Na wewe huna dhambi, Benedeta. Ulifundisha kilicho kweli."

"Sikuja kuungama dhambi, padre. Nimekuja kusema sisikii kitu."

Padre akamwuliza kama anakula vizuri, akampa nusu kilo ya sukari aliyoletewa kutoka Kenya, akambariki. Alitoka na sukari yake. Njiani alimgawia nusu Mama Specioza.

Wiki iliyofuata, katika saa ya katekisimu, Benedeta alifunga mlango wa darasa.

"Leo tunajifunza neno moja," akasema. "Mgeni yeyote akija hapa, awe na kofia au asiwe nayo, akiuliza habari za nyumbani kwenu, mtasimama, mtaweka mikono nyuma, na mtasema: sijui, afande. Semeni."

Watoto wakatazamana. Mmoja, Wabwire, akainua mkono. "Mwalimu, na kama najua?"

"Hujui."

"Lakini amri ya nane..."

"Wabwire, kuna amri ya nne pia. Inasemaje?"

"Waheshimu baba na mama."

"Basi. Semeni: sijui, afande."

Walisema. Aliwafundisha kama alivyowafundisha jedwali, safu kwa safu, mtoto mmoja mmoja, kwa sauti ile ile ya chini. Hakueleza zaidi. Mwalimu mkuu, Bwana Oboth, alipita dirishani, akasimama akasikia, akaenda zake.

Askari walikuja tena baada ya wiki mbili, chini ya ofisa mwingine, mnene, mwenye haraka. Alimnyooshea kijiti mtoto wa kwanza.

"Wewe. Baba yako nafanya kazi gani?"

"Sijui, afande."

"Wewe. Kwenu wapi?"

"Sijui, afande."

"Jina lako wewe nani?"

"Sijui, afande," akasema Wabwire, kwa bidii, mikono nyuma.

Askari wa mlangoni akacheka. Ofisa hakucheka. Alipiga dawati kwa kijiti, kikavunjika. "Watoto wote hapa wajinga! Mwalimu, wewe nafundisha nini?"

"Nafundisha darasa la tatu, afande."

Alimsukuma begani akampita, Benedeta akagonga ubao kwa kichwa, na wakaenda zao. Siku hiyo hakuna mtu wa barabara ile aliyechukuliwa. Jioni wazazi walileta mayai, na mmoja kuku, wakaviweka mlangoni kwake bila kusema kitu. Alimchinja kuku, akampika, akala. Bado hakusikia ladha, lakini alimla wote.

Ilibaki Specioza. Hakuwa ameinua mkono tena, wala kubakizwa baada ya kengele. Watoto wenzake walikuwa wamekwisha kumwambia, kama watoto wanavyoambiana, kile alichokifanya. Siku moja kabla ya maungamo ya kwanza alikuja mwenyewe mezani, darasa likiwa tupu.

"Mwalimu, nitaungama nini kesho?"

Benedeta alikuwa akichonga penseli za darasa kwa wembe. "Ungama kwamba uliiba sukari ya mama yako."

"Sikuiba."

"Basi ungama hasira. Kila mtu ana hasira."

"Sina hasira." Mtoto alitazama sakafu. "Nitaungama kwamba nilisema kweli?"

Benedeta akaweka wembe chini. Alitaka kumshika yule mtoto, na mikono yake ikakaa palepale juu ya meza kama mikono ya mtu mwingine.

"Sikiliza, Specioza. Aliyekosa ni mimi na yule afande. Mimi nilikufundisha nusu, yeye akaichukua hiyo nusu. Wewe ulijibu swali. Usiungame hilo. Hata padre akikuuliza, usiungame."

"Niseme sijui?"

"Hapana. Kwa hilo sema: si langu."

Specioza akalisema polepole, kama anayeonja kitu. "Si langu." Kisha akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Alipokea Komunyo siku ya Pasaka kwa gauni la kuazima. Mwezi uliofuata Mama Specioza aliwachukua watoto wake wote, wakavuka mto Sio alfajiri kwenda Kenya, kwa jamaa zake wa upande wa Funyula. Hakumuaga mtu. Asubuhi Benedeta alikuta mlangoni sufuria ile ya viazi, iliyosafishwa kwa mchanga hadi ikang'aa, imefunikwa kwa kitambaa.

Utawala ule ulianguka miaka miwili baadaye. Askari walipita barabara ya Busia wakikimbia, wengine bila viatu, wakibeba vitanda na redio. Magereza yakafunguliwa. Benedeta alipanda lori la Sowedi, ambaye sasa alikuwa na mvi, wakaenda kambini Tororo. Geti lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu wa kuuliza. Watu walitembea ndani vyumba kwa vyumba wakisoma majina yaliyochorwa ukutani kwa misumari. Walitafuta mpaka jua likazama. La Egesa hawakuliona. Sowedi akamnunulia chai.

Baada ya hapo Benedeta aliomba uhamisho, akapelekwa Petta, na huko nako akapewa darasa la tatu. Akalifundisha hadi kustaafu. Waliosoma kwake Petta wanamkumbuka kama mwalimu mwema asiyecheka, aliyewafundisha kila amri pamoja na maswali yake: Anayeuliza ni nani? Anataka jibu la nini? Wakaguzi walilalamika kwamba anakwenda polepole mno.

Mwaliko wa arusi ulimfikia kwa mdomo, kupitia kwa muuza samaki. Specioza, sasa fundi cherehani mwenye duka lake Funyula, alikuwa akiolewa, na alitaka mwalimu wake awepo. Benedeta alivaa vazi lake la sherehe, gomesi ya zambarau, akavuka mpaka Busia mchana kweupe, hakuna aliyemwuliza kitu.

Mama Specioza alimpokea njiani. Alikuwa amenenepa, akitembelea fimbo. Walishikana mikono muda mrefu.

"Umezeeka, mwalimu."

"Na wewe pia, Mama Specioza."

"Njoo ukae hapa." Akampeleka kwenye viti vya wazazi wa bibi arusi. Kimoja kilikuwa kitupu. Benedeta akasita.

"Hicho ni cha—"

"Najua ni cha nani. Kaa."

Akakaa. Bibi arusi alipofika kuwasalimu alipiga magoti mbele yao wote wawili, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha sauti, akamwambia Benedeta kwamba anaongea mno siku hizi, wateja wanalalamika. Benedeta alimgusa shavu. Mkono ulikwenda bila kuambiwa.

Halafu ngoma zikaanza, na hotuba, na wali ukapita. Katikati ya kelele ile, joto likiwa limetanda chini ya turubai, Mwalimu Benedeta alilala usingizi kwenye kiti chake, kichwa kimeangukia bega la Mama Specioza, mdomo wazi. Wasichana waliokuwa wakigawa soda walitaka kumwamsha akate keki pamoja na wazazi.

"Mwacheni," Mama Specioza aliwaambia. Akavua leso yake ya mabegani akamfunika miguu, na keki ikakatwa bila yeye.